Koti la Theluji Lililoshonwa Ngamiani

Koti lenyewe halikuzidi kiganja changu. Nililishona mwanzoni mwa Desemba, kaskazi inaanza kuvuma, feni ya dukani inazungusha joto lile lile na sufu inaniwasha mapajani. Sufu hiyo ilikuwa koti la mitumba la mwanamume, mgongo umetobolewa na nondo lakini mikono bado mizima. Mkono mmoja ulinitosha kwa kazi yote: kola, mifuko miwili, mkanda wa mgongoni. Bitana niliitoa kwenye mabaki ya gauni la bi harusi. Vifungo vya ukubwa ule sikuvipata Tanga nzima, nikatia shanga.

Januari picha ikaingia kwenye simu. Mwanasesere amesimama bustanini Lyon, theluji imemfika magotini, koti limefungwa hadi shingoni. Nikaivuta picha kwa vidole viwili. Mikono ilikuwa mifupi. Vifundo vilikuwa nje, kama mtoto aliyevishwa sare ya mwaka juzi. Nimekuwa fundi cherehani hapa Ngamiani, mjini Tanga, tangu 1990, na karatasi ya kukatia nilikuwa nimeifuata mstari kwa mstari. Usiku ule sikulala vizuri.

Aliyenitumia picha ni binti wa dada yangu, mwanangu kwa mila zetu, ananiita mama mdogo. Anamtunza bibi mmoja wa Kifaransa aliyekwisha kuvuka miaka themanini. Bibi huyo ana mwanasesere aliyepewa na mama yake mwaka 1948, na tangu utotoni humbadilisha nguo kila majira yanapogeuka: ya kuchipua, ya joto, ya majani kuanguka, ya baridi. Kila badiliko humpiga picha moja, mahali pale pale karibu na ukuta wa bustani. Vidole vyake sasa vimekufa ganzi, sindano haishiki. Mwanangu akasema, "Mama mdogo ni fundi." Ndivyo karatasi zilivyonifikia, zimenakiliwa kutoka kwenye gazeti la zamani, zina harufu ya wino wa mashine ya kunakilia.

Gazeti hilo liliitwa La Semaine de Suzette. Toleo la kwanza lilitoka Paris tarehe 2 Februari 1905, siku ya Alhamisi, kwa sababu Alhamisi watoto wa Ufaransa wakati huo hawakwenda shule. Lilikuwa gazeti la wasichana wa familia zenye uwezo, zenye dini, na mchapishaji wake, Henri Gautier, alikuja na ahadi ambayo nafikiri hakuna mama aliyeweza kuipita hivi hivi: mzazi akilipia mwaka mzima kabla gazeti halijatoka, binti yake anapewa mwanasesere bure. Jina lake Bleuette. Walitengenezwa 20,000, na wote wakaisha kabla ya toleo la kwanza kuuzwa.

Alikuwa na urefu wa sentimita 27. Kichwa cha kaure isiyong'arishwa, mwili wa rojo gumu la karatasi na gundi, viungo vilivyokazwa kwa lastiki ili akae, ainame, anyooshe mkono. Alitengenezwa na muungano wa viwanda vya wanasesere, SFBJ, ulioundwa mwaka 1899 pale nyumba kubwa za Kifaransa kama Jumeau na Bru zilipoona Wajerumani wanauza kwa bei ambayo wao hawaiwezi. Alikuja amevaa shimizi tu. Neno hilo tunalo hata sisi, bibi zetu walilitumia kwa vazi la ndani, na nilipolisikia mwanangu akilitamka kwenye simu kwa Kifaransa nilimwambia arudie.

Shimizi ile ndiyo akili ya mpango wote. Mtoto anapewa mwanasesere asiye na nguo, na gazeti lenyewe linaleta, toleo baada ya toleo, karatasi ya kumkatia. Hadi gazeti lilipofungwa mwaka 1960, karatasi hizo zilikuwa zimezidi 1,000. Kulikuwa na aproni za shule, nguo za kuogelea, makofia, gauni la komunyo ya kwanza. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, Bleuette alishonewa vazi la muuguzi. Mzazi asiyetaka kushona aliweza kuagiza nguo zilizokwisha shonwa kwenye katalogi ya mchapishaji huyo huyo, za kiangazi na za baridi, lakini lililokusudiwa hasa lilikuwa mkono wa msichana. Maelekezo yaliandikwa kwa jina la Tante Jacqueline. Huyu alikuwa mhariri, Jacqueline Rivière, ambaye pia alitunga kisa cha kwanza cha mtumishi Bécassine ili kujaza ukurasa uliobaki mtupu kwenye toleo lile la kwanza, kikachorwa na Joseph-Porphyre Pinchon. Bécassine akaja kuwa maarufu kuliko gazeti.

Nimejiuliza nimwite nani kwa Kiswahili huyo Tante. Wafaransa wana neno moja tu, sisi lazima tuchague: shangazi au mama mdogo. Kwa kazi aliyoifanya namwita somo. Kwetu msichana alipopevuka alipewa somo, mwanamke asiyekuwa mama yake, wa kumfundisha yale ambayo mama angeona haya kuyasema au asingekuwa na subira nayo. Wale watoto wa Ufaransa walifundishwa kukata kwapa na kutia mkono na mwanamke wasiyemjua uso, kila juma, kwa miaka.

Mwaka 1933 Bleuette akarefushwa. Akawa sentimita 29.

Basi ndiyo mikono ya koti langu. Karatasi niliyotumiwa ilikuwa ya mtoto wa sentimita 27, na bibi wa Lyon ana yule wa 29. Sentimita mbili kwa mtu mzima ni mambo ya pindo tu, unafumua na kuteremsha. Kwa mtu wa sentimita 29 ni karibu sehemu ya kumi na tano ya urefu wake wote. Nilishona koti la pili, sikulikatia karatasi ya mtu, nilimwambia mwanangu anipimie kila kitu kwa tepu: bega, kifua, kwapa hadi kiuno, kiwiko. Nilipaswa kufanya hivyo tangu mwanzo, maana hakuna mteja hapa dukani ninayemkatia nguo kwa kipimo cha dada yake.

Kushona kitu kidogo si kushona kikubwa kilichopunguzwa. Mwili unapungua lakini kitambaa hakipungui. Uzi wa poplini una unene ule ule, ukikunja pindo mara mbili kwa mtoto wa sentimita 29 ni kama umemvika godoro. Hapo nimekuja kuyapenda upya majina ambayo mama yangu aliyataja na mimi nikayaona ya kizamani: melimeli, bafta. Melimeli ya kitambaa cha kilemba cha zamani, kilichofuliwa hadi kikalegea, inaanguka juu ya goti la mwanasesere kama nguo inavyoanguka juu ya goti la mtu. Nyembamba zaidi ya hapo sijapata. Natumia sindano namba 9 badala ya 14 ninayoshonea khaki, naacha milimita 3 za mshono, na mikono naigeuza kwa njiti ya kibiriti iliyopasuliwa. Pasi haiingii mle. Natumia pasi ya nywele ya binti yangu, ile ya kubana: nabana mkono mmoja, nahesabu hadi nne, naachia. Rinda moja laweza kunichukua saa nzima.

Hili la nguo ndogo kubeba mambo makubwa ni la zamani kuliko Bleuette. Kabla ya magazeti ya mitindo, mafundi wa Paris waliwavika wanasesere mitindo mipya na kuwapeleka kwenye majumba ya kifalme ya Ulaya ili wanawake wa huko waone nini kinavaliwa. Rose Bertin, aliyemshonea Malkia Marie-Antoinette, alikuwa miongoni mwa waliofanya hivyo. Aliyekuwa mbali na Paris aliona gauni lenyewe, akaweza kulipindua ndani akakagua mishono, kitu ambacho mchoro haumpi fundi.

Lakini linalonigusa kuliko yote ni la mwaka 1945. Machi ya mwaka ule Paris imekwisha kombolewa, vita bado havijaisha, hakuna sufu, hakuna ngozi, hakuna makaa. Mafundi wakubwa wa mji, zaidi ya nyumba 50 za mitindo, wakaamua kuonyesha kwamba kazi yao haijafa, na kwa kuwa kitambaa cha kuvika watu hakikuwepo, wakavika wanasesere. Msichana mmoja mchoraji, Éliane Bonabel, akabuni umbo la waya, Jean Saint-Martin akalisuka: wanasesere wapatao 200, urefu wa sentimita 70 hivi. Christian Bérard akasimamia sura ya maonyesho, Jean Cocteau akawa mmoja wa waliotengeneza mandhari. Wakayaita Théâtre de la Mode. Watu 100,000 walikwenda kutazama, na fedha zikaenda kwa walioathiriwa na vita. Vifungo vilifunguka kweli. Mikoba ilikuwa na vitu ndani. Bitana zilitiwa pasipoonekana. Mwaka 1946 wakashonewa nguo za majira mapya, wakavuka bahari hadi New York na San Francisco, wakaishia kusahauliwa kwenye ghala la duka moja la San Francisco, hadi mwaka 1952 walipochukuliwa na makumbusho ya Maryhill, jimbo la Washington, ambako wapo hadi leo.

Nikisoma habari hizo naikumbuka Tanga ya 1983, nina miaka kumi na miwili. Kitambaa kilikuwa kikigawiwa. Tunapanga foleni tangu alfajiri, mama yuko mbele, mimi nimeshika nafasi ya jirani, na kanga zikifika ni doti moja kwa kaya bila kuuliza rangi. Magauni ya watoto yalitoka kwenye nguo za wakubwa, na chakavu lililobaki baada ya hapo, lisilotosha hata kiraka, ndilo lililotufikia sisi kwa ajili ya watoto wetu wa bunzi. Bunzi la hindi ni mwili, ndevu za hindi ni nywele. Sisi wa Tanga tulikuwa na kitu bora zaidi: katani. Singa za katani zinasukika, zinachanika, zinapakwa mafuta. Nilijifunza kusuka kwenye katani kabla sijaruhusiwa kushika kichwa cha mtu.

Niseme jambo hapa, kwa sababu nimeliona likichanganywa. Kile kisanamu cha mti cha Wazaramo na majirani zao, mwana hiti, kisicho na mikono, chenye nywele zilizoinuka kama masikio mawili, kimewekwa kwenye makabati ya wakusanyaji wa Ulaya pamoja na wanasesere. Hicho hakikuwa cha kuchezea. Kilikuwa cha mwali ndani, alikitunza wakati wa kuwekwa kwake, na kilihusu uzazi na ukoo. Sijakishonea nguo na sitakishonea.

Bibi wa Lyon alipoona koti la pili, mikono imefika panapotakiwa, aliniletea zawadi kwa mkono wa mwanangu: Bleuette wa kuigiza, wa siku hizi, sentimita 29, amevaa shimizi. Nilimweka juu ya meza ya cherehani siku tatu bila kumgusa. Kumshonea makoti ya sufu hapa Ngamiani kungekuwa kumvisha mtu nguo za safari ambayo hataiendea. Huku hakuna majira yao manne. Wafasiri huyaita majira yao ya majani kuanguka "vuli", lakini vuli yetu ni mvua, majani ndiyo yanachipua. Tuna kaskazi, masika, kusi na vuli. Nikaamua atavaa hayo.

Wazo la picha lilitoka kwa bibi, ila wenye kulifanya liwe desturi ya watu wengi ni wengine. Mwaka 1972 kiwanda cha Kenner cha Marekani kilitoa mwanasesere mwenye kichwa kikubwa na macho yanayobadilika rangi ukivuta uzi, Blythe. Hakudumu sokoni zaidi ya mwaka huo. Mwaka 1997 mwanamke wa New York, Gina Garan, akapewa mmoja, akaanza kumpiga picha kila alikokwenda, na mwaka 2000 akatoa kitabu cha picha hizo. Mwaka uliofuata kampuni ya Takara ya Japani ikaanza kumtengeneza upya. Mwanasesere aliyekwisha kuzikwa alifufuliwa na picha, na mafundi wa nchi nyingi wakapata kazi ya kumvika kwa kila majira. Mimi uso wake siupendi. Kazi iliyofanywa naipenda.

Kwetu picha na nguo mpya havikuachana kamwe. Baada ya sala ya Idi tulipelekwa studio, tukasimama mbele ya pazia lililochorwa ngazi na maua, pindo za magauni bado zina alama ya chaki. Idi ndiyo majira ya fundi, na majira hayo hayatulii: kila mwaka hurudi nyuma siku kumi na moja hivi. Nilipoanza kazi 1990, Idi ya kufungua ilikuwa mwisho wa Aprili, masika yenyewe, magauni yanachukuliwa yamefungwa kwenye nailoni. Ikashuka hadi kwenye kaskazi, mwishoni mwa miaka ya tisini ilikuwa Januari, kila mama anataka mikono mifupi na shingo pana. Ikaingia vuli, ikaingia kusi, watu wakaomba bitana. Mwaka 2023 ikarudi Aprili. Nilikuwa nimeshona mzunguko mzima, miaka 33, na nilipotafuta nguo hata moja ya Idi zile sikuipata. Watoto huzivaa, huwarithisha wadogo zao, mwisho ni tambara la kudekia. Ufaransa, yale magauni ya kawaida ya wasichana wa 1910 mengi yamekwenda njia hiyo hiyo, lakini kola zake, marinda yake, mahali kifungo kilipokaa, vipo kwenye karatasi za Bleuette. Karatasi zangu mimi ziko wapi? Tulikata kwa macho.

Basi kila Ijumaa jioni namshonea. Amekwisha kupata gauni la Idi ya masika la 1990, mabega yamevimba kama tulivyopenda, na la kaskazi ya 1998, na sare ya shule, sketi ya bluu yenye marinda. Amepata kanga. Hapo nilikwama kwanza, kwa kuwa kanga ina mji, pindo na jina, na ukikata kipande cha kanga ya mtu umepata ua moja tu na nusu ya pindo. Nikakumbuka kwamba wanawake wa pwani, katika karne ya kumi na tisa, walishona pamoja leso sita za mkononi kupata vazi moja, na ndiyo maana Mombasa bado wanaiita leso. Nikanunua leso ya mfukoni yenye mistari pembeni. Moja tu ilimtosha, mji na pindo vikakaa sawa. Jina nimelitarizi kwa uzi mmoja wa pamba, usiku mbili.

Picha napiga ufukweni Raskazone, asubuhi kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili, kabla jua halijageuza kaure kuwa chokaa. Nalala kifudifudi ili simu ifike usawa wa macho yake. Ukimpiga kutoka juu anaonekana kitu kilichoangushwa. Kusi ilinipa taabu kubwa, upepo ulilipindua rinda hadi kichwani, nikarudi nyumbani bila picha. Kijana wa pwani ananiuzia chubwi za kuvulia za risasi, zile ndogo kabisa, nikazifungia ndani ya pindo, nne, moja kila upande. Sasa gauni linayumba bila kuruka. Nimeambiwa nyumba ya Chanel hutia mnyororo kwenye pindo la jaketi ili likae. Mvua ya masika nayo, siwezi kumtoa nje inaponyesha: tone moja ni kubwa kama jicho lake, na kwenye picha linaonekana kama jiwe. Nangoja manyunyu ya mwisho, yale yanayobaki hewani mvua ikishakatika.

Lililobaki ni buibui. Si hili la mbele wazi tunalolishona sasa, ni lile la bibi zetu, pana, linalofungwa kwa kamba kichwani na kuanguka hadi miguuni. Nimelikata kwenye buibui la mama mwenyewe, kwenye sehemu isiyochujuka. Nimelifunga na kulifungua mara nyingi, linakaa kama turubai. Juzi nikamchukua mwanasesere hadi Chumbageni kwa mama mkubwa, dada wa mama, ambaye macho yake hayaoni vizuri lakini vidole vyake vinaona.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba. Nani huyo umemleta?"

Nikampa. Akampapasa kichwa, akaifuata kamba hadi kisogoni, akalifungua fundo kwa ukucha.

"Kamba haikai hapo," akasema. "Inapita juu ya masikio, halafu unaacha nguo ya kutosha mbele, ukikutana na mtu njiani uivute kwa meno." Akaifunga upya, polepole, akavuta kidogo mbele. Kisha akampapasa uso, akanirudishia.

"Na ukaya wake uko wapi?"